Muziki wa Moja kwa Moja katika Idara ya Dharura: Mwongozo Kamili wa Kuuanzisha na Kuuendesha

Kabla mwanamuziki hajaingia na ala yake, idara ya dharura tayari ina sauti zake: magurudumu ya machela, mapazia yanayovutwa, simu, mashine zinazolia, watoto wanaolia, na ndugu wanaoulizana kwa kunong'ona ni nani atakayebaki na mgonjwa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa sauti katika vyumba ambamo wagonjwa wanatibiwa au kuangaliwa usizidi desibeli 35, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takriban desibeli 60. Yeyote aliyewahi kukesha na mgonjwa katika idara ya dharura anaelewa jinsi pendekezo hilo lilivyo mbali na hali halisi. Kwa hiyo swali la kwanza si nyimbo zipi zipigwe. Ni kwa nini mtu aongeze sauti nyingine mahali palipokwisha kufurika sauti.

Jibu limo katika neno lile la moja kwa moja. Rekodi haioni uso wa mgonjwa ukikunjamana, na redio haijui kwamba daktari ameinama kusikiliza mapafu kwa stetoskopu. Mwanamuziki aliyesimama hatua chache kutoka kitandani anayaona yote mawili, naye anaweza kupunguza sauti, kubadili mwendo, au kukatiza wimbo katikati ya ubeti. Uwezo huo wa kunyamaza kwa wakati ndio unaomtofautisha na spika ya ukutani, na karibu kila hatua iliyomo katika mwongozo huu imekusudiwa kuulinda.

Yafaa pia kuwa wakweli kuhusu kinachoweza kutarajiwa. Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na muziki ulichukua sehemu kubwa ya mapitio hayo, hasa katika kupunguza wasiwasi. Katika idara ya dharura yenyewe, utafiti mmoja uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watoto 42 wenye umri wa miaka 3 hadi 11 waliokuwa wakiwekewa sindano ya mshipani. Maumivu waliyoyaeleza watoto waliopigiwa muziki hayakuongezeka kama ya wenzao, na wahudumu walisema kazi yenyewe ilikuwa rahisi zaidi kwa watoto hao. Hata hivyo muziki ule ulitoka kwenye spika, na kipimo kikuu cha utafiti, yaani mfadhaiko uliooneshwa na tabia ya mtoto, hakikuonesha tofauti ya wazi kwa watoto wote kwa jumla. Anayeuombea mradi wake kibali asiahidi kwamba muziki utapunguza dawa za maumivu au kufupisha foleni. Aahidi kitu kidogo anachoweza kukisimamia: dakika chache za utulivu kwa mgonjwa anayezitaka, bila kumzuia mhudumu yeyote kufanya kazi yake.

Jambo moja zaidi la kutenganisha tangu mwanzo. Tiba ya muziki ni taaluma yenye mafunzo yake. Programu ya kwanza ya shahada katika fani hiyo ilianza mwaka 1944 katika chuo cha Michigan State, Marekani, na mtaalamu wake huweka malengo ya matibabu na kuyapima. Mwanamuziki anayepiga kando ya kitanda bila mafunzo hayo hatoi tiba, na asijiite mtabibu. Mwongozo huu unamhusu yeye, pamoja na mratibu anayemwingiza wodini.

Hatua ya kwanza: kumpata mwenye idara

Barua ya mkurugenzi hufungua geti, lakini anayefungua pazia ni muuguzi msimamizi wa zamu. Miradi mingi ya aina hii hukwama kwa sababu ilikubaliwa ofisini na kutangazwa kwa wahudumu siku ile ile mwanamuziki anapoingia. Anza na kikao kifupi cha wauguzi wasimamizi wa zamu zote, pamoja na daktari kiongozi wa idara, mhusika wa kinga na udhibiti wa maambukizi, na mkuu wa walinzi. Waalike pia wahudumu wa usafi, maana ndio wanaojua ni kona ipi haipitwi na machela na ni saa ngapi sakafu huwa na maji.

Makubaliano yaandikwe katika ukurasa mmoja. Yataje siku na saa za kupiga, maeneo yanayoruhusiwa, jina la cheo cha mtu ambaye mwanamuziki ataripoti kwake kila anapofika, na ishara ya kusimamisha muziki. Ishara hiyo iwe ya mkono, kwa mfano kiganja kilichoinuliwa, na mhudumu yeyote awe na haki ya kuitumia bila kueleza sababu, awe daktari bingwa au mfagiaji. Pia yaandikwe ni nani atakayemlipa mwanamuziki, kama analipwa, na ni nani atakayewajibika iwapo ataumia au ala yake itavunjika. Epuka saa za makabidhiano ya zamu, kwa sababu taarifa za wagonjwa hupokezanwa kwa mdomo wakati huo, na neno moja likisikika vibaya linaweza kumgharimu mtu.

Hatua ya pili: kuchora mipaka ya mahali na ya wagonjwa

Idara ya dharura ina vyumba vingi vyenye tabia tofauti. Eneo la kusubiri linafaa, ila lina hatari ya kugeuka jukwaa. Vitanda vya uangalizi, ambako mgonjwa anaweza kukaa saa kadhaa akingoja majibu ya vipimo au nafasi wodini, ndiko muziki unakofanya kazi nzuri kuliko kwingine, kwa kuwa hapo adui mkubwa ni kungoja bila kujua kinachoendelea. Pale wagonjwa wanapopangwa kwa uharaka wa hali zao pasiingizwe muziki, kwa kuwa muuguzi anauliza maswali mafupi na lazima asikie majibu hafifu. Chumba cha wagonjwa mahututi kiwe nje ya mpaka kabisa, isipokuwa timu yenyewe iombe.

Kisha kuna wagonjwa ambao kwao sauti yenyewe ni madhara, na hapa mwanamuziki hana mamlaka ya kukisia. Mgonjwa wa pepopunda huweza kukakamaa misuli kwa mlio wa ghafla au hata kwa kuguswa, ndiyo maana hulazwa mahali penye utulivu na mwanga hafifu. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa naye husisimuliwa vivyo hivyo. Mwenye homa ya uti wa mgongo, mwenye kipandauso kikali na mwenye jeraha la kichwa mara nyingi hawavumilii sauti. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba au dalili zake aachwe katika utulivu. Kuna pia watu wachache ambao degedege lao huchochewa na muziki wenyewe. Ni hali adimu, lakini swali kuhusu historia ya kifafa haligharimu kitu. Kwa mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyechanganyikiwa kwa homa, pombe au dawa, muziki unaotoka nyuma ya pazia unaweza kuwa sauti moja zaidi isiyoelezeka, hivyo asipigiwe mpaka muuguzi wake aseme inafaa.

Orodha hii isibaki kichwani mwa mwanamuziki. Kila siku anapofika amuulize msimamizi wa zamu maswali matatu: ni vitanda vipi nisivikaribie leo, ni nani anayeweza kufaidika, na je, kuna jambo linaloendelea ambalo napaswa kulijua? Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwani jibu lake huenda likawa kwamba mtoto amefariki dakika ishirini zilizopita na timu nzima haijapata hata nafasi ya kunywa maji. Siku kama hiyo mwanamuziki anaweza kuambiwa arudi kesho, na arudi kesho.

Hatua ya tatu: kumchagua mpigaji

Ustadi wa jukwaani ni sifa nzuri lakini si ya kwanza. Anayetakiwa ni mtu anayeweza kupiga kwa sauti ndogo kwa muda mrefu bila mahadhi kukatika, anayejua nyimbo nyingi kwa kichwa ili macho yake yabaki kwa mgonjwa, na ambaye hahitaji makofi. Wengi hushindwa katika sifa hiyo ya mwisho. Mgonjwa aliyelala usingizi katikati ya wimbo amemsifu mwanamuziki kuliko ukumbi uliosimama, lakini si kila msanii anayeweza kuipokea sifa ya namna hiyo.

Wakati wa usaili, mpe nafasi ya kupiga kisha mkatize mara tatu kwa ishara ya mkono, kila mara katika sehemu tofauti ya wimbo. Angalia kama anasimama hapo hapo au anamalizia kwanza mstari wake. Mwambie arudie wimbo ule ule taratibu zaidi, kisha bila maneno, kisha kwa sauti inayosikika mita mbili tu. Baada ya hapo mpeleke akakae idarani saa mbili bila ala, akiangalia tu. Akitoka, muulize alisikia nini. Anayesimulia damu pekee huenda hajawa tayari. Anayetaja kwamba mashine fulani ililia mara nyingi na hakuna aliyeishughulikia, au kwamba mzee mmoja alikuwa akigonga kidole kwenye chuma cha kitanda, tayari ameanza kazi.

Hatua ya nne: ala, mikono na maambukizi

Florence Nightingale, aliyeweka misingi ya uuguzi wa kisasa, aliandika mwaka 1859 kwamba sauti ya binadamu, ala za kupuliza na ala za nyuzi zenye sauti inayoendelea huwafaa wagonjwa, ilhali piano na ala nyingine ambazo sauti yake hukatika huwaletea kinyume chake. Piano aliionea kidogo, naona, lakini sikio lake lilinasa jambo la kweli: mlio unaoanza kwa kishindo humshtua mgonjwa kuliko ule unaojengeka polepole. Kwa sababu za maambukizi, hata hivyo, nusu ya ushauri wake haiwezi kufuatwa leo. Filimbi na zumari hutoa pumzi na mate, na ni vigumu kuzisafisha ndani kati ya mgonjwa na mgonjwa, hivyo ni vyema zibaki nje ya vyumba vya wagonjwa. Tarumbeta na ngoma kubwa hazihitaji maelezo.

Zinazobaki ni gitaa la nyuzi za nailoni, udi, kinubi kidogo, zeze, kinanda kidogo cha betri chenye kitufe cha kupunguza sauti, na sauti ya mwanamuziki mwenyewe. Fidla inapendeza, lakini ulimbo mkavu unaopakwa kwenye upinde wake huacha vumbi jeupe, na vumbi hilo halifai karibu na mgonjwa wa pumu. Kipaza sauti kisitumike kamwe.

Kabla ya kuichagua ala, itazame kwa jicho la msafishaji. Je, ina nakshi zenye mianya, kamba za nguo, manyoya au ngozi isiyofutika? Mkanda wa gitaa uwe wa plastiki au kitu kingine kinachofutika. Varnishi za zamani za shelaki huyeyuka kwa alkoholi, na gitaa la urithi linaweza kuharibika kwa wiki moja ya vitambaa vya dawa. Nunua la bei nafuu lenye rangi ngumu, kisha muulize mhusika wa maambukizi ni dawa gani itumike. Ala hufutwa kabla ya kuingia, kati ya kitanda na kitanda, na wakati wa kutoka. Mkoba wake ubaki ofisini. Ala isiwekwe sakafuni wala juu ya kitanda cha mgonjwa, hata kwa dakika moja.

Mikono ndiyo inayoleta mgogoro, hasa kwa wapiga gitaa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka kucha za asili zisizidi nusu sentimita na inakataza kucha za bandia, ilhali mpigaji wa vidole huzifuga za mkono wa kulia kama mali. Azikate, ajifunze kupiga kwa nyama ya kidole. Sauti itakayotoka itakuwa laini na ndogo, na hilo ndilo tunalolitaka. Pete, saa na bangili zivuliwe, mikono ya shati ikunjwe juu ya viwiko. Kusugua mikono kwa kitakasa chenye alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Palipo na mgonjwa wa kuhara kunakosababishwa na bakteria wa Clostridioides difficile, sabuni na maji ni lazima, kwa kuwa alkoholi haiziui mbegu za bakteria hao. Ila kwa kawaida mwanamuziki hana sababu ya kuingia katika chumba cha kutenga wagonjwa. Awe na chanjo zile zile zinazotakiwa kwa wahudumu wa hospitali hiyo, na akiwa na mafua au kikohozi abaki nyumbani.

Hatua ya tano: kujifunza lugha ya mashine

Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hutoa mlio mmoja kwa kila pigo la moyo, na toni ya mlio huo hushuka kadiri oksijeni katika damu inavyopungua. Daktari aliyekipa mgongo kioo cha mashine akifunga jeraha anaifuatilia hali ya mgonjwa kwa sikio. Muziki ukifunika mlio huo, umemnyang'anya daktari taarifa. Vivyo hivyo, kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa vya tiba, IEC 60601-1-8, kinaelekeza kengele za hatari kubwa zitoe milio mitano inayorudiwa, na zile za hatari ya kati milio mitatu. Mwanamuziki asipige noti fupi za juu zinazorudiwa tatu tatu au tano tano. Muuguzi atageuka kutafuta mashine isiyokuwepo, na akigeuka hivyo mara mbili, mara ya tatu hatageuka.

Muuguzi mmoja aketi na mwanamuziki kwa nusu saa na kumsikilizisha kila mlio unaotumika idarani. Kisha mwanamuziki atafute ni noti gani mashine iliyo karibu na kitanda inalia, na achague ufunguo unaopatana nayo. Mlio uliokuwa ukigongana na kila kitu hugeuka kuwa sehemu ya wimbo, na mgonjwa aliyelala akiuhesabu huacha kuuhesabu.

Hatua ya sita: ziara yenyewe

Nyuzi zilinganishwe nje ya idara, kwani hakuna kinachochosha kuliko kusikiliza mtu akilinganisha nyuzi. Baada ya kuripoti kwa msimamizi wa zamu, pita idara nzima mara moja bila kupiga, ala ikiwa mgongoni au ubavuni. Wagonjwa watakuona, na wanaotaka muziki mara nyingi hujitokeza wenyewe kwa macho. Chagua mahali pa kusimama ambapo hauzibi njia ya machela, mlango, tangi la oksijeni wala sinki, na ambapo unamwona mhudumu wa karibu naye anakuona.

Maneno ya kuomba ridhaa yawe mafupi, na nafasi ya kukataa iwe rahisi kuliko ya kukubali: "Pole sana. Mimi ni mwanamuziki wa hapa, si daktari wala muuguzi. Naweza kukupigia kidogo kwa sauti ya chini, au nikuache upumzike. Vyote ni sawa." Ni muhimu useme kwamba wewe si daktari, kwa sababu mgonjwa aliyengoja saa nne humwona kila anayekuja kama mleta majibu, na uso wake utakunjuka kabla hujafungua mdomo. Mgonjwa anaweza kuwa na haki nyingi zilizosimama kwa muda katika chumba hicho: amevuliwa nguo zake, ametobolewa, ameambiwa asile. Kumkatalia mwanamuziki huenda ndilo jambo la kwanza aliloamua mwenyewe siku hiyo. Anayekataa ashukuriwe kwa uchangamfu ule ule. Kwa mtoto omba kwake na kwa mzazi wake, na kwa mgonjwa asiyejiweza omba kwa ndugu aliye naye pamoja na muuguzi.

Kumbuka kwamba pazia halizuii sauti. Ridhaa ya kitanda cha tatu haikupi ridhaa ya kitanda cha pili na cha nne, kwa hiyo waulize majirani wote wawili. Mmoja akisema hapana, hamia kwa mgonjwa mwingine, au umwombe muuguzi kama kuna pembe nyingine. Usimwambie aliyekubali ni nani aliyekataa.

Sasa anza. Daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler alieleza mwaka 1948 kanuni ambayo bado inafundishwa: muziki uanze pale alipo mgonjwa, kisha umchukue polepole kuelekea unakotaka afike. Anayehema haraka na kushika shuka kwa nguvu hatulizwi kwa wimbo wa polepole wa ghafla, ataona unamdharau. Mpime pumzi zake kwa macho, anza na mwendo wa kasi unaoendana nazo, bila kishindo, kisha uupunguze taratibu kwa dakika tatu au nne mpaka ufikie mipigo 60 hadi 80 kwa dakika. Acha nafasi kati ya mstari na mstari. Asipofuata, usimvute, rudi alipo, au malizia hapo. Kwa kitanda kimoja dakika tano hadi kumi zinatosha.

Katika kuchagua nyimbo, pendelea mahadhi yasiyo na maneno mwanzoni. Maneno hubeba mambo usiyoyajua: wimbo wa mapenzi kwa aliyeachwa jana, au wimbo wa ibada ambao kwa mmoja ni faraja na kwa mwingine ni dalili kwamba amekwisha kukatiwa tamaa. Nyimbo zinazofahamika kwa mazishi zisipigwe kamwe bila kuombwa. Mgonjwa akiomba wimbo, mpigie. Usipoujua, mwambie auanze yeye kwa kuvumisha na umfuate, hata ukikosea. Mgonjwa wa kiharusi aliyepotewa na usemi wakati mwingine huweza kuimba maneno asiyoweza kuyasema. Likitokea hilo, mwambie muuguzi ulichokiona na uishie hapo, usitangaze kwa ndugu kwamba amepona.

Mfano wa karibu ni wa mtoto anayewekewa kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani. Mwanamuziki huingia mapema, kabla ya trei ya vifaa, na kukubaliana na muuguzi kwa macho. Huchuchumaa ili asiwe juu ya mtoto, upande wa mkono usiotobolewa, na kumpa kazi: agonge paja la mama kila anaposikia kiitikio. Mpira wa kufunga mkono unapokazwa, mahadhi hayabadiliki. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma: sindano inapokaribia wao hunyamaza au hupandisha sauti, na mtoto hujifunza papo hapo kwamba kubadilika kwa muziki maana yake ni maumivu. Mdundo uendelee vile vile sindano inapoingia, mtoto alie akitaka kulia, na uendelee kwa dakika moja nzima baada ya plasta ya mwisho kubandikwa, ili kumbukumbu ya mwisho isiwe ya chuma. Muuguzi akiinua kiganja wakati wowote, muziki unakatika, kwani huenda mshipa umepotea naye anahitaji ukimya.

Kuondoka nako kuna adabu yake. Usikate kwa mlio mkubwa wa kumalizia unaoalika makofi. Punguza sauti mpaka ipotee, ngoja kidogo, kisha sema kwaheri kwa sauti ya chini. Aliyelala usimwamshe.

Hatua ya saba: mambo yanapogeuka

Kengele ya hatari ikilia, mgonjwa akianguka, au wahudumu wakianza kukimbia, muziki unasimama bila kusubiri ishara na mwanamuziki anajibanza ukutani kisha kutoka kwa njia iliyo wazi. Ukimwona mgonjwa uliyekuwa ukimpigia akilegea, akibadilika rangi au akiacha kujibu, usimalizie noti. Mwite muuguzi kwa sauti. Ndugu mwenye hasira akikuuliza inakuwaje watu wanapiga magitaa hali mgonjwa wake hajaonwa na daktari, ana hoja, na usibishane naye. Mpe pole, nyamaza, mjulishe msimamizi wa zamu. Idara ikielemewa kiasi hicho, muziki wa eneo la kusubiri huonekana kama kejeli, na ni bora kuusitisha kwa saa zilizobaki.

Wakati mwingine familia humwomba mwanamuziki apige mgonjwa anapokata roho. Afanye hivyo kwa idhini ya muuguzi, kwa sauti ndogo kabisa, akisimama mlangoni na si kitandani, na akae tayari kunyamaza pale kilio kinapoanza. Kilio hakipigiwi muziki.

Mwanamuziki naye ataondoka na mambo aliyoyaona. Zamu yake isizidi saa mbili, na kabla ya kwenda nyumbani azungumze kwa dakika kumi na mratibu au muuguzi aliyepangwa. Yale aliyoyaona hayasimulii nje kwa namna inayomtambulisha mgonjwa, wala hapigi picha au kurekodi sauti, hata ndugu wakimruhusu na hata kama ni kwa ajili ya kuutangaza mradi.

Hatua ya nane: kuandika na kupima

Daftari la kila siku linahitaji mistari michache tu: saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya vitanda vilivyokubali na vilivyokataa, mara ngapi ishara ya kiganja ilitumika na kwa nini, na jambo moja la kukumbuka. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Idadi ya waliokataa iheshimiwe kama takwimu. Ikiwa sifuri wiki baada ya wiki, yaelekea wagonjwa hawaoni kwamba wanaruhusiwa kukataa, na maneno ya kuombea ridhaa yarekebishwe.

Kwa wagonjwa wanaoweza, muuguzi, na si mwanamuziki, aulize kabla na baada: wasiwasi wako ni kiasi gani kutoka 0 hadi 10? Aulizaye akiwa ndiye mpigaji, atapewa namba za heshima. Waulize na wahudumu kila mwezi, kwa karatasi isiyo na jina, kama muziki umewahi kuwazuia kusikia jambo. Jibu moja la "ndiyo" lina uzito kuliko shukrani hamsini, na mahali na saa ilipotokea hiyo "ndiyo" paondolewe kwenye ratiba mpaka chanzo chake kieleweke.

Anza na mwanamuziki mmoja, alasiri mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mwisho wa muda huo itisheni tena kikao kile cha mwanzo, pamoja na wahudumu wa usafi, mkiwa na daftari mezani, na kabla ya kuongeza siku au mpigaji mwingine waulizeni wauguzi wa zamu ya usiku kama nao wanautaka muziki huo.